Robo ya mzunguko

Mwaka 2012 nilikuwa natafsiri kijitabu cha maelekezo ya cherehani kutoka Kiingereza, nikakwama kwenye kitenzi kimoja: "tweak". Kilitumika kwa skrubu ya kikasha cha bobini, kile kikasha kidogo kinachobeba uzi wa chini; skrubu hiyo ndiyo hukaza au kulegeza uzi. Kamusi ilianza na maana ya zamani, kufinya na kusokota, kama mtu anavyovutwa pua. Ndiyo iliyomo katika Hamlet ya Shakespeare. Halafu ikaja "kurekebisha". Nikaandika "rekebisha skrubu", nikaendelea.

Kabla ya kukabidhi kazi nilimpelekea fundi mmoja wa Kariakoo aipitie. Akasimama hapo hapo.

"Mwanangu, hii skrubu imeharibika?"

"Hapana, mzee."

"Sasa inarekebishwa nini?"

Akachomoa kikasha cha cherehani yake, akakining'iniza kwa uzi wake. Mkazo ukiwa sawa, kikasha hutulia. Ukitikisa mkono mara moja hushuka sentimita chache, kisha husimama. Kisiposhuka kabisa, uzi umebanwa mno. Hiki kiliporomoka hadi mezani. Hata hivyo hakushika bisibisi. Alipitisha kwanza ncha ya karatasi chini ya kibati kinachobana uzi, akatoa vumbi la nyuzi. Vumbi hilo huinua kibati, uzi ukapita bila kubanwa. Anayekimbilia kukaza anakaza juu ya uchafu, na siku uchafu ukitoka mkazo unazidi, uzi unakatika. Akajaribu tena, bado kilishuka upesi. Ndipo akazungusha skrubu kulia, chini ya robo ya mzunguko, akashona kitambaa chakavu kwa uzi mwekundu juu na mweupe chini. Mara ya kwanza vidoti vyeupe vilichungulia upande wa juu: uzi wa chini bado ulikuwa umelegea. Akagusa tena, akashona tena. Vidoti vikazama ndani ya kitambaa. Kushoto hulegeza, akaniambia, lakini ukizungusha ovyo skrubu huchomoka, na ni ndogo kiasi kwamba ikianguka sakafuni huioni.

"Unaigusa tu," akasema.

Neno hilo lilinifungulia kitenzi kizima. "Tweak" husemwa kwa kitu ambacho tayari kinafanya kazi. Kinaongezwa au kupunguzwa kidogo, kisha kinajaribiwa. Waingereza hulitumia kwa mapishi yaliyopungukiwa chumvi, kwa injini, kwa bajeti, kwa programu ya kompyuta, lakini si kwa tairi lenye pancha. "Adjust" ni pana zaidi. Kioo cha gari, mkanda, saa, vyote vimo, na hata mtu anayezoea mji mgeni. Hilo la mwisho "tweak" haliwezi, maana sharti kiwepo kitu kinachoguswa. "Kurekebisha" kwetu hubeba yote hayo, pamoja na kutengeneza kilichoharibika, na fundi aliyeanza jana akilisoma anaweza kufungua skrubu nzima.

Nikafuta, nikaandika pale pale juu ya meza ya kukatia: "Safisha chini ya kibati. Kisha gusa skrubu kidogo kuelekea kulia, isizidi robo ya mzunguko. Shona, tazama pande zote mbili, ndipo uguse tena."

Mzee akasoma polepole. Akataka niongeze "kidogo" ya pili: kidogo kidogo.