Simu ya Waziri wa Fedha

Leo masijala kimya, mafaili hayatembei, nikajikuta nasoma barua za kiserikali za Wamarekani wa kale. Kila mtu na ugonjwa wake 😅

Nimekutana na John A. Dix.

Waziri wa Fedha, Januari 1861, kiti bado hakijapata joto. Majimbo ya Kusini yanajitoa kwenye Muungano wa Marekani moja baada ya jingine, Louisiana imeondoka tarehe 26. Kule New Orleans kuna meli ya forodha, Robert McClelland, na nahodha wake Breshwood amegoma kuipeleka New York.

Meli hizo zilikuwa chini ya Hazina, kwa hiyo kesi ikaangukia mezani kwake.

Tarehe 29 akapiga simu ya maandishi: nahodha akamatwe, luteni ashike meli. Kisha mstari wa mwisho:

“Mtu yeyote akijaribu kuishusha bendera ya Marekani, mpigeni risasi papo hapo.”

Waziri wa FEDHA huyo jamani!

Mimi ambaye kila barua yangu inaanza na “Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu” nimeurudia mstari ule mpaka chai ikapoa. Hakuna kumbukumbu namba, hakuna “kwa heshima na taadhima”.

Cha kuchekesha, simu ilinaswa njiani, na meli ikaishia mikononi mwa Louisiana. Ila Kaskazini maneno yale yalimpa Dix jina kubwa kuliko hesabu zozote alizosaini.

Wenzangu wa maofisini, barua gani ya kikazi imewahi kuwashtua? Semeni hapa, majina ya mabosi tuyafiche 🙈