Vitu Vitatu vya Dukani

Mwaka 2009 nilikuwa msaidizi wa utafiti Kisumu. Tulikuwa tukipima kumbukumbu na umakini wa watu wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, na siku hiyo nilikaa kwenye nyumba ya mabati kule Manyatta, mbele ya kijana aliyewahi kuwa makanga wa matatu.

Nikamsomea tarakimu, moja kila sekunde. "Nne, tisa, mbili." Akazirudisha. "Sita, moja, nane, tatu." Akakuna goti, akaangalia mlango. "Sita," akasema, basi. Huyu ndiye aliyekuwa akijua nani amelipa na nani anadai chenji ndani ya Nissan ya abiria 14.

Kipimo chenyewe kilinitia shaka. Kiingereza husema tarakimu nyingi kwa silabi moja; zetu, moja hadi tisa, zote zina mbili, na neno refu hula nafasi kichwani. Kule Wales, Uingereza, wenye lugha yao, waliliona jambo hilo kwa watoto wao zamani. Lakini silabi pekee hazingemshusha mtu hadi pale.

Mama yake alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo. "Amepita?"

"Si mtihani, Mama."

Akaitazama safu yangu ya alama, akaguna.

"Daktari," akasema (sikuwa daktari, na nilinyamaza), "tangu aanze sindano ya kila mwezi, zile sauti zimeisha. Halali nje tena. Sasa mbona hatumiki? Namtuma vitu vitatu, ananiletea kimoja."

Nilikuwa nimesoma kwamba Kraepelin, daktari Mjerumani wa magonjwa ya akili, zaidi ya miaka mia moja nyuma, aliuita ugonjwa huu kwa jina lenye maana ya kupungukiwa akili mapema, na kwamba dawa zilizoanza na klopromazini miaka ya 1950 hutuliza sauti kuliko zinavyosaidia kumbukumbu. Nilijibia mtihani chuoni. Kumwambia mama wa mtu ni kazi nyingine. Nikasema tu kwamba si uvivu, ni ugonjwa wenyewe. Mkono wake ukasimama juu ya ungo kwa muda.

Kisha akamwita kijana, akampa noti. "Maziwa, majani, sukari." Akamrudia maneno hayo mara mbili, polepole kuliko nilivyosoma mimi.

Alirudi na maziwa na majani. Tukanywa chai bila sukari.

"Andika hiyo," mama akaniambia. "Jana alileta kimoja."

Fomu haikuwa na nafasi yake. Nikaandika nyuma ya karatasi.