Bomba la jikoni halikulipelekea maji bomba la uani

Nyumba yetu ya Ngamiani, hapa Tanga, ina mabomba mawili, nayo ndiyo yaliyoniokoa kwenye tasnifu.

Nilikuwa na data za bure za mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo: watu wanaona mwanga, wanabonyeza kitufe. Nikazipitisha kwenye kipimo cha Granger, alichokitoa mwanauchumi Clive Granger mwaka 1969. Kinauliza: ukijua yaliyopita ya A, unaibashiri B vizuri kuliko kwa yaliyopita ya B peke yake? Kikanijibu kuwa eneo la ubongo la mkono ndilo linaloliendesha eneo la macho. Yaani mtu anabonyeza kwanza, ndipo anaona! Siku nne nikasaka kosa kwenye programu niliyoandika.

Alfajiri ya siku ya tano maji yakarudi baada ya kukatika. La jikoni likakohoa, likatema kutu, likaanza. La uani likafuata baadaye sana. Nikamtania mama kuwa la jikoni ndilo lililoliruhusu la uani.

"Wewe nawe! Paipu ya uani si inazunguka choo chote? Maji yote yanatoka barabarani, mwanangu."

Ndoo ikafurika nikiwa nimesimama tu.

MRI haioni seli za ubongo zikizungumza. Inafuata oksijeni ya damu, ambayo kilele chake huja kama sekunde 5 au 6 baada ya seli kufanya kazi, na uchelewaji huo haulingani eneo kwa eneo. Picha zangu zilipigwa kila sekunde 2. Nikatunga data bandia: A inaiamsha B baada ya milisekunde 50, ila damu ya B inawahi kwa sekunde moja. Mshale wa nani anamwendesha nani ukageuka vilevile. Nilicheka peke yangu.

Nikahamia DCM (Dynamic Causal Modelling), mbinu ya Karl Friston na wenzake ya 2003 ya kukadiria eneo lipi la ubongo linaliendesha lipi, iliyomo kwenye SPM, programu ya kuchambua picha za ubongo. Hii ina milinganyo ya seli mbali na ya damu mbali, kila eneo na uchelewaji wake. Lakini usiiamini kupita kiasi: inalinganisha michoro uliyochora wewe tu. Mimi nilichora miwili, macho kwenda mkono na mkono kwenda macho, nikampelekea msimamizi wangu pamoja na kisa cha mabomba.

Akaitazama kidogo. "Sasa bomba la barabarani umeliweka wapi?"

Nikarudi nyumbani kuchora wa tatu.