Mapigo 64

Leo asubuhi, kabla sijanyanyuka kitandani, niliweka vidole viwili shingoni nikahesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 30, nikazidisha kwa mbili: 64. Nikarudia. 64 tena. Kwa kawaida huwa 52 au 54, na miezi minane tangu nianze kuiandika namba hii daftarini, haijawahi kuvuka 58 ila wiki ile niliyolala na homa.

Na leo siumwi. Nimetoka tu kwenye wiki kama nyingine: zamu tatu za jioni ghalani, jaribio la takwimu Alhamisi, sura ya pili ya tasnifu, na kilomita 61 za kukimbia kwa sababu nusu marathoni imebaki wiki tano. Ukikitazama kila kimoja peke yake huoni kosa. Tatizo ni kwamba mwili hauna madaftari matatu. Hofu ya mtihani, maboksi niliyobeba na kilomita za Jumanne vyote unavitia kapu moja, na kapu likijaa, moyo ndio unaosema wa kwanza.

Nilidhani ninachokosa ni muda. Mwanzoni mwa muhula nikajichorea ratiba ya rangi tatu: kuamka saa kumi na nusu alfajiri, mbio, mihadhara, maktaba, kisha ghalani hadi saa tano na nusu usiku. Niliipenda sana ratiba ile. Leo nimekaa nayo tena, ndipo nikaona kwamba usingizi sikuupa rangi yoyote. Kila nilipohitaji saa moja zaidi, niliichota huko. Siku za zamu nalala kwa muda wa saa nne tu, zikizidi sana nne na nusu.

Na hapo ndipo panaponiuma, maana usingizi huohuo ndio unaohitajika pande zote mbili. Mazoezi huchosha misuli. Misuli hurekebishwa ukiwa umelala, na homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Uliyoyasoma mchana nayo hutulia kichwani usiku. Alhamisi nilikaa mbele ya swali la tatu, kalamu imegusa karatasi, kidoti cha wino kinatanuka, na fomula niliyoiandika Jumatatu bila kufikiri haikuja.

Kwa miaka nimejipa moyo kwa habari za Roger Bannister. Tarehe 6 Mei 1954, akiwa mwanafunzi wa udaktari, alifanya kazi hospitalini London asubuhi, akapanda treni hadi Oxford, na jioni akawa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne: 3:59.4. Mimi nilichukua nusu moja tu ya habari hiyo, ile ya kubanabana kila kitu ndani ya siku moja. Nusu ya pili niliipita haraka. Mwezi mmoja kabla, yeye na wenzake walikuwa wamekwama kwenye sekunde 61 kwa kila mzunguko wa mazoezi. Akaacha kukimbia, akaenda kupanda milima Uskoti kwa siku chache. Aliporudi, sekunde zikashuka hadi 59.

Mchana nilimpigia kocha nikamsomea namba zangu. Akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, bidii unayo. Kulala ndiko hulali."

Akafuta mazoezi yote mawili ya kasi ya wiki hii. Ameniachia mbio tatu fupi, za mwendo ambao naweza kusema sentensi nzima bila kuhema. Nikamwambia, heshima yako kocha, lakini zimebaki wiki tano. Akasema stamina ya miezi minane haiondoki kwa siku saba. Namwamini, ingawa miguu yangu haijakubali. Tangu saa kumi inanituma nje.

Zamu ya Jumatano nimeiachia mwenzangu aliyekuwa anaitafuta. Pesa itapungua, na hilo nimelipigia hesabu mara mbili. Sasa ni saa tatu usiku. Kengele ya simu nimeihamisha kutoka saa kumi na nusu hadi saa moja, viatu nimevisogeza mbali na mlango, daftari na penseli viko chini ya mto.