Mashine ya milingi: nimeshailipia, bado kuiingiza ndani

Miezi mitano nimekuwa nikichimba njia za ki (mifereji ya kukalia kipande cha chuma kinachofunga puli na shafti) kwenye shafti kwa grainda na tupa, shafti moja inanila nusu siku. Jumamosi nimelipia mashine ya milingi ya mkono, inayokata chuma kwa kisu kinachozunguka, iliyotumika, kwenye karakana moja ya Chang'ombe. Ni ya umbo la Bridgeport, lile lililoanza Marekani mwaka 1938: kichwa juu, meza inapanda na kushuka na goti lake.

Nilikwenda na mjomba, mchongaji vyuma wa siku nyingi. Mimi macho yote kwenye rangi ya kijani iliyopakwa juzi. Akaniambia, "Mjomba, rangi achana nayo. Shika mpini."

Nikausogeza mpini wa meza kwenda kulia, nikaweka pete ya namba kwenye sifuri, nikaanza kurudisha taratibu. Zilipita alama 30 ndipo meza ikashtuka. Kila alama ni sehemu moja ya elfu ya inchi, kwa hiyo ule ulegevu ni kama milimita 0.76. Tukaipeleka meza hadi mwisho, tukarudia: alama 12. Meza husogezwa na skrubu ndefu inayopita kwenye nati. Nati ni ileile popote meza ilipo, basi hizo 18 zilizozidi ni skrubu iliyolika katikati, kwenye kazi za kila siku. Ulegevu ungekuwa sawa kote, ningebadilisha nati tu.

Kilichonifanya nitoe hela ni spindo, mhimili unaozungusha kisu. Tulibandika saa ya kupimia yenye sumaku, ncha ndani ya tundu la R8 la kushikia kisu, tukazungusha kwa mkono. Sindano haikuvuka milimita 0.01. Kwa spindo safi hivyo, skrubu nitaivumilia: kipimo nakifuata kutoka upande mmoja, meza naifunga, na sikati kwa kwenda na mzunguko wa kisu. Ukifanya hivyo kisu kinaivuta meza ghafla kwa nafasi yote iliyolegea, kinakatika.

Umeme ulinitisha, maana mota ni ya fezi tatu na hapa Tabata nina fezi moja. Kibao cha mota kinasomeka 230/400, hivyo nikiunga waya kwa delta (muungano wa ile volti 230), inveta ya kuingiza volti 230, inayotoa fezi tatu kutoka fezi moja, inatosha.

Kirikuu haibebi mzigo wa karibu tani moja, nimekodi Canter ya Jumanne. Mlango wa banda una sentimita 90, meza ina 107 bila mipini. Kesho narudi Chang'ombe na spana, naifungua meza.