Noah inayochemsha mlimani: siku moja gereji, Tabata

Saa 1:30 asubuhi. Sijavaa hata ovaroli, Noah nyeupe ya zamani imeshasimama getini, boneti inanuka maji ya moto. Anashuka mzee mmoja, mwalimu mstaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii gari inanidhalilisha."

Ijumaa anapeleka familia Tanga kwenye harusi ya mpwa wake. Mjini, kwenye foleni, gari haina neno. Ikianza kupanda Kimara na watu ndani, mshale unakimbilia nyekundu. Fundi wa mwisho kamwambia gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imeungua, aandae laki nane. Kabla ya hapo keshabadilishiwa mfuniko wa rejeta na waterpampu, na feni imeangaliwa.

Nikamuuliza swali moja tu: asubuhi, gari ikiwa baridi, mshale unachukua muda gani kupanda?

Akacheka. "Hapo ndipo nilipomsifu yule bwana. Tangu aishike, asubuhi inakaa baridi kweli. Naweza kufika Ubungo mshale haujaamka."

Nikaandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari. Gari inayochelewa kupata joto asubuhi halafu inachemka mlimani, mimi simfikirii hedi kwanza.

Saa 2. Mzee anataka nifungue rejeta palepale tuone maji. Nikamkatalia kwa heshima. Maji yenyewe hapa Dar, usawa wa bahari, yanachemka nyuzi 100, lakini mfuniko wenye alama ya presha ya 0.9 unayabana mpaka yafike karibu nyuzi 118 bila kuchemka. Ukiufungua wa moto, presha inaondoka ghafla na maji yote yanachemka kwa mpigo, yanakurukia usoni. Nimeona watu walioungua hivyo. Akapewa kiti kivulini na gazeti.

Kati ya hapo na saa 4 ni breki za IST na bajaji iliyogoma kuwaka. Hazina hadithi.

Saa 4:15. Injini imepoa. Noah hizi za zamani injini haiko mbele. Unakunja siti za mbele ndipo unaiona, wakati rejeta iko kulekule mbele nyuma ya bampa. Maji yanasafiri kwenye mabomba marefu chini ya sakafu. Kumbuka hilo, litatusumbua baadaye.

Nikaanza na hedi, kwa sababu ndiyo iliyoshtakiwa. Stiki ya oili: safi, hakuna ile rangi ya chai ya maziwa inayokuja maji yakiingia kwenye oili. Nikafunga pampu ya kupimia presha mdomoni mwa rejeta, nikapandisha mpaka 0.9, nikaiacha. Mshale wa pampu haukutikisika, na chini hapakuwa na tone. Kisha nikawasha gari ipate joto, nikaweka kile kipimo chenye maji ya bluu juu ya mdomo wa rejeta. Moshi wa silinda ukiwa unapenya kwenye maji ya kupozea, bluu hugeuka njano. Tukakaa, dogo, msaidizi wangu, anakanyaga mafuta taratibu, mzee kainama kuliko sisi. Bluu ikabaki bluu.

"Kwa hiyo laki nane?"

"Zibaki mfukoni kwanza, mzee."

Saa 5:30. Nyumba ya thamostati, ile valvu inayojifungua yenyewe maji yakipata joto. Boliti zake zimeshachubuliwa na spana isiyo saizi, dalili ya aliyepita. Nikafungua: tupu. Hata mpira wake haupo, wamepaka silikoni.

Hapa nina ugomvi na mafundi wenzangu wengi. Mjini hapa kuna imani kwamba thamostati ni ya nchi za baridi, ukiitoa gari inapoa zaidi. Kwenye injini hii ya Toyota aina ya 3S si kweli. Thamostati yake ina kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: injini ikiwa baridi, inafunga njia ya rejeta ili ipate joto haraka. Ya pili ndiyo inayosahaulika: ikifunguka, kibamba chake cha nyuma kinaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Kwenye foleni joto ni dogo, gari inavumilia. Mlimani, na abiria saba, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani na rejeta inapoza yale tu yaliyobahatika kupita kwake. Vitabu vya ufundi vya Toyota wenyewe vinaonya usiitoe hata kama gari inachemsha.

Saa 6. Dogo kapanda boda kwenda maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, na maagizo mawili: thamostati iwe imegongwa namba 82, yaani nyuzi inapoanza kufunguka, na alete mbili kutoka maduka mawili tofauti. Huku nyuma nikasukuma maji kwenye rejeta kinyume na njia yake. Yakatoka ya kutu, mazito. Mzee akakiri anajazia maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi. Hata sabuni haitoi povu, sembuse kuyaweka kwenye aluminiamu.

Saa 8. Nikaenda kwa mama ntilie jirani.

"Mama, naomba sufuria dogo na moto wako dakika kumi."

"La chakula sikupi. Chukua hilo lililotoboka mkono."

Nikazitundika thamostati zote mbili kwa waya zisiguse chini, na kipimajoto katikati. Wateja wa wali maharage wakageuka kuangalia. Kwenye 82 moja ikaanza kuachia, polepole, mpaka ukaona mwanga upande wa pili. Ya pili maji yakachemka, yakaruka, yenyewe kimya. Mpya kabisa, ndani ya boksi zuri. Ingefungwa hiyo, gari ingechemka kabla ya kufika Tabata Relini. Dogo akairudisha na maneno yake.

Saa 9:30. Kufunga ni kazi ndogo. Kijipini cha thamostati cha kutolea hewa kikae juu. Kutoa hewa kwenye Noah, na yale mabomba yake marefu, ndiyo kazi. Tukapandisha pua ya gari kwenye mbao, hita ikafunguliwa mwisho, nikamimina kulanti, dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi. Mapovu yakatoka, yakakoma, yakaanza tena. Anayeharakisha hapa kesho analaumu spea. Mpaka hita ilipotoa joto la kweli na bomba la chini likashika moto, ndipo nikafunga mfuniko.

Saa 11 jioni. Mandela Road, Ubungo, tukapandisha Kimara, mimi, mzee, dogo na vijana wanne wa gereji ya jirani tuliowapakia wawe mzigo. Kiyoyozi kimewashwa. Mshale ukapanda chini kidogo ya nusu, ukakaa. Mzee hakuangalia barabara hata mara moja.

Tulipogeuza Mbezi akauliza: "Sasa Ijumaa naenda Tanga?"

"Kesho asubuhi, kabla hujawasha, fungua mfuniko uangalie maji yameshuka kiasi gani, unipigie. Hewa iliyojificha hutoka usiku gari ikipoa."

"Yakishuka?"

"Yakishuka kidogo unajazia hii kulanti iliyobaki. Yakishuka sana unaileta. Na kisimani usirudi."