Nilivyozifikisha bati 40 za mama Mwamgongo

Nilijichanga miezi saba nikanunua bati 40 za geji 30, zile za mita tatu. Ilikuwa Julai mwaka jana, na nyasi za nyumba ya mama zilikuwa zimeoza upande mzima. Kununua Kigoma mjini hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuzifikisha. Mwamgongo iko kaskazini, ukishaipita hifadhi ya Gombe, na mzigo wa kule hupita Ziwa Tanganyika.

Kwa asiyeijua njia hii: boti za abiria hutoka vijijini alfajiri na dagaa na mawese, zinashusha asubuhi Kibirizi, pale ufukweni karibu na Kigoma mjini, halafu saa sita au saba mchana zinaanza kurudi. Ni boti za mbao, ndefu, injini iko nyuma. Humo ndimo kinamopita kila kitu cha kijijini: unga, soda, magodoro, madaftari ya shule, mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali. Kwa hiyo mzigo wa kwenda kaskazini husafiri mchana, na mchana wa kiangazi ndio saa ya kusi, upepo mkali wa kusini.

Kosa langu lilikuwa kuchelewa. Guta liliponifikisha Kibirizi, boti ilikuwa imeshapangwa. Bati zikawekwa juu ya mizigo yote, zimekingama kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Nahodha alizitazama, akasema, "Dada, hizi zilitakiwa zije mapema, zikae chini." Nikambembeleza sana mpaka akakubali. Najuta hadi leo.

Tulipopita Kalalangabo upepo ukachachamaa. Ulitoka nyuma yetu. Kila wimbi lilipoinua boti, upepo uliingia chini ya bati, zile za juu zikanyanyuka na kupiga kelele, kamba inakaza. Mimi na vijana wawili tukazilalia kwa vifua. Kiganja changu cha kulia kikachanika kuanzia chini ya kidole gumba. Lakini kilichonitisha si damu. Mbele yangu alikaa mama amempakata mtoto amelala, na ncha ya bati ilikuwa inacheza kama shubiri moja kutoka usoni mwa yule mtoto. Nikaiweka mikono yote miwili pale, sikuiondoa tena.

Nahodha hakubishana na mtu. Akakata kona, akaingia kijiji cha Mtanga, kabla ya Gombe. "Bati zinashuka hapa." Zikashuka. Alikuwa na haki kabisa. Mama mmoja muuza dagaa akanipa nafasi ukutani kwake, akanifunga kiganja kwa kipande cha kanga, nami nikaendelea na safari mikono mitupu.

Nyumbani nilimweleza mama. Akaniuliza, "Kwani ulimuuliza nani kabla ya kupakia?" Sikuwa nimemuuliza mtu. Jioni hiyo akanipeleka kwa mzee mmoja jirani yetu, mvuvi wa miaka mingi. Nikamwamkia, nikamweleza shida. Akasema tungojee upepo upungue siku mbili tatu, tuchukue mtumbwi wake wa injini, petroli juu yangu, na tuwe tumeshapakia kabla jua halijatoka. Alfajiri ziwa limelala.

Siku ya tatu tuliondoka saa tisa usiku. Taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa bado zinawaka mbali. Pale Mtanga mzee hakuruhusu bati hata moja iingie mpaka ametandika magunia matupu chini, ili zisikwaruze mbao. Zikalazwa kwa urefu wa mtumbwi, chini kabisa, ishirini kwanza, kisha gunia, kisha ishirini nyingine. Kingo zikavikwa magunia yaliyokunjwa mara mbili. Kamba akaipitisha sehemu tatu, akaikaza kwa kijiti. Mzigo ule una zaidi ya kilo mia mbili, lakini ulipokaa chini mtumbwi ulitulia zaidi kuliko tulipokuja mtupu.

Tuliipita Gombe kunapambazuka. Nyani walikuwa wameshateremka ufukweni. Dunia inaijua Gombe kwa sokwe tangu Jane Goodall alipofika Julai 1960. Kwetu sisi wa vijiji vya huku Gombe ni kipande cha safari, na asubuhi ile nilipata nafasi ya kukitazama. Milima ya pale haiishii ufukweni, inaendelea kushuka majini, ndiyo maana hata karibu na nchi kavu huoni chini.

Mwamgongo tulifika kusi halijaamka. Gati hakuna, kwa hiyo vijana waliingia majini mpaka kiunoni, wawili wawili, bati tano tano kichwani. Nililipa kwa kila safari, na sikuomba kupunguziwa.

Mama alikaa mlangoni akihesabu kwa sauti kila zilipolazwa. Alipofika arobaini akaanza tena mwanzo. Moja ilikuwa imepinda pembeni tangu siku ile ya upepo. Akaitenga, akasema hiyo itaezeka jiko.

Saruji ya sakafu nitaipeleka Septemba. Na mzee nimeshaongea naye.